Nani Huwaona Kwanza Wachoraji Wetu?

Mwaka 2022 jumba la National Portrait Gallery la London lilinunua picha ambayo Everlyn Nicodemus alijichora mwenyewe miaka 40 nyuma. Katika historia yote ya jumba hilo, hiyo ndiyo picha ya rangi ya kwanza ambayo mwanamke Mweusi amejichora kwa mkono wake. Nicodemus alizaliwa Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwaka 1954. Alihamia Sweden akiwa kijana, akarudi nyumbani kwa muda, na maonyesho yake ya kwanza yakafanyika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. London haikuwa ya kwanza kukutana naye. Dar es Salaam iliitangulia kwa miaka 42, ila haikumshika.

Kisa hicho si kipya. Mwaka 1960, kabla Tanganyika haijapata uhuru, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, maarufu kama MoMA, yalipata picha ya Sam Ntiro inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Ntiro alikuwa mwenyeji wa Machame, msomi wa Makerere na wa chuo cha Slade cha London, na baada ya uhuru akawa Balozi wa Tanganyika nchini Uingereza. Picha yake ipo New York hadi leo. Kati ya watu wanaoijua ladha ya mbege, yaani pombe hiyo ya ndizi, waliowahi kusimama mbele ya picha hiyo ni wachache mno.

Orodha ni ndefu. Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1954 aliyelelewa Uingereza, ambaye amechora kazi nyingi kwa kufuata umbo la kanga, picha na maneno yake, alishinda Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017 akiwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, mwaka 2019 aliweka sanamu nne za shaba nyeusi katika vishubaka vya ukuta wa mbele wa makumbusho ya Metropolitan ya New York, vishubaka vilivyokaa vitupu tangu ukuta huo ulipokamilika mwaka 1902. Majina haya yanatajwa kwa heshima katika miji mikubwa ya dunia. Barabarani Kariakoo, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, ukiyataja, wengi watakuuliza ni wanasiasa wa chama gani.

Kwa nini iwe hivyo?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba watu wetu hawana mazoea ya picha: aliye na fedha hununua kiwanja, asiye nazo hununua unga, na ukutani panatosha kalenda. Jibu hili linapendwa kwa sababu halimlazimishi mtu yeyote kufanya lolote. Kasoro yake ni kwamba historia inalikanusha, na ushahidi ulio wazi zaidi unatoka katika mji unaozungumza Kiswahili, ingawa husahaulika tunapohesabu miji ya Waswahili: Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Katika miaka ya 1960 na 1970, vibarua na makarani wa migodi ya shaba ya Katanga walinunua picha za rangi na kuzitundika sebuleni. Wachoraji walizichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga na kuziuza wenyewe, mara nyingi kwa kutembeza mlango kwa mlango. Mada zilijulikana na kila mtu. Kulikuwa na Mamba Muntu, yaani nguva anayeleta utajiri na balaa kwa pamoja. Kulikuwa na mfungwa anayechapwa viboko mbele ya bendera ya Ubelgiji. Kulikuwa na Patrice Lumumba, akihutubia au amefungwa kamba. Mgeni akikaribishwa kiti, macho yake yaliangukia picha, na mwenye nyumba alianza kusimulia.

Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, alizaliwa mwaka 1947. Mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha hapo mjini, akamweleza kwamba yeye ni mwanahistoria. Kisha akalithibitisha hilo kwa brashi. Alichora historia ya nchi yake, kuanzia kabla ya ukoloni hadi enzi ya Mobutu, katika mfululizo wa picha zaidi ya 100, na kila picha akaifafanua kwa Kiswahili cha Katanga. Mazungumzo hayo ndiyo msingi wa kitabu cha Fabian kilichotoka mwaka 1996. Uchumi wa migodi ulipoporomoka, mishahara iliyokuwa ikinunua picha ilikwisha, na soko hilo likafa. Tshibumba mwenyewe alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sehemu kubwa ya mfululizo wake imehifadhiwa Amsterdam.

Lubumbashi inafundisha kwamba kupenda picha hakuhitaji digrii. Kunahitaji bei inayolingana na mshahara, mada ambayo mtazamaji anaweza kuiendeleza kwa maneno yake mwenyewe, na ukuta ambao watu watapita mbele yake. Vilipokuwapo vitatu hivyo, wafanyakazi wa kawaida wakawa wakusanyaji. Vilipoondoka, picha zikahama bara. Kwa hiyo badala ya kuuliza kama watu wetu wanapenda sanaa, ni afadhali kukagua mambo manne yanayomfanya msanii ajulikane kwao: mnunuzi, kumbukumbu, mahali pa kuonea, na maneno ya kumzungumzia.

Tuanze na mnunuzi, kwa kuwa ndiye aliyeichora Afrika Mashariki inayojulikana zaidi kwa picha.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Dar es Salaam kutafuta riziki na kufanya vibarua mbalimbali. Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za mafuta za wasomi. Alichukua hadibodi ya dari, akaikata vipande vya mraba, akapaka rangi ya kung'aa inayotumika kwenye baiskeli. Picha zake ziliuzwa Oysterbay karibu na maduka ya Morogoro Stores, eneo lililokuwa na wakazi wengi wa kigeni, na baadaye kampuni ya umma ya National Arts of Tanzania ikaanza kuzinunua. Alichora kwa takriban miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi usiku jijini, wakimdhania mhalifu, akafa.

Wanafunzi wake, akiwamo Simon Mpata, January Linda na Omari Amonde, waliendeleza kazi, na mwaka 1990 warithi wa mtindo huo wakasajili chama cha ushirika. Leo tingatinga ni jina la aina ya picha kuliko jina la mtu. Hapo ndipo tunapoona nguvu ya mnunuzi. Mtalii alitaka twiga, tembo na mlima wenye theluji, na alitaka picha inayoingia kwenye begi. Akapewa. Kilichofanya kazi mara moja kilirudiwa mara elfu, na mtu anayepita Slipway au Mwenge, Dar es Salaam, anaona safu za twiga wanaofanana hadi anaacha kuwaona.

Lakini ukisimama mbele ya picha ambayo Tingatinga mwenyewe aliichora, utashangaa ilivyo tofauti na za dukani. Nyuma kuna rangi moja, au mbili. Mnyama mmoja ameijaza hadibodi karibu yote, mwili wake umegeuka upande na jicho lake linakutazama. Madoa yamepangwa kwa mwendo wake, kama ngoma. Hakuna msongamano, hakuna mapambo ya kumfurahisha mtu. Msongamano ulikuja baadaye, kadiri wachoraji walivyozidi na kila mmoja akitafuta namna ya kumzuia mpita njia. Wengi wetu tumeidharau tingatinga kwa sababu ya nakala zake, bila kuwahi kuiona asili. Zaidi ya hayo, sahihi yake ilipopata thamani, kazi za kughushi ziliingia sokoni, na ugumu wa kutenganisha ya kweli na ya uongo umezidi kwa sababu wakati ule hakuna aliyeorodhesha alichochora na lini.

George Lilanga alipita njia nyingine. Alizaliwa mwaka 1934 upande wa Masasi, akiwa Mmakonde mchongaji, na katika miaka ya 1970 akajiunga na Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa Dar es Salaam na mtawa wa Shirika la Maryknoll, Sista Jean Pruitt. Aliwahamisha mashetani wa vinyago vya Kimakonde kutoka kwenye mpingo, akawaweka katika karatasi, ngozi ya mbuzi, mabati na turubai. Masikio yao ni makubwa, matumbo yametokeza, wamevaa nguo za mjini na wanagombea, wanacheka, wanapanga foleni. Kichekesho chake kinaeleweka bila maelezo kwa mtu yeyote aliyewahi kupanda daladala. Alikufa mwaka 2005, na kufikia wakati huo sehemu kubwa ya kazi zake ilikuwa imenunuliwa na wakusanyaji wa Ulaya, wakiwamo wale waliozifikisha katika maonyesho makubwa ya Africa Remix yaliyoanza Düsseldorf mwaka 2004.

Nairobi nayo ilikuwa na mnunuzi wake. Gallery Watatu ilianzishwa mwaka 1969 na wasanii watatu, na katikati ya miaka ya 1980 ikachukuliwa na Ruth Schaffner. Mama huyu alinunua na kuuza nje kazi za watu ambao hawakupita chuo chochote cha sanaa. Jak Katarikawe, Mganda aliyekuwa dereva kabla Sam Ntiro hajamsaidia kujifunza Makerere, alichora ng'ombe na wapenzi wanaoyeyukiana katika rangi laini. Sane Wadu alikuwa mwalimu. Alipoacha kazi ya mshahara ili achore, walio karibu naye walimwona amerukwa na akili, naye akajibu kwa kujipa jina la Sane, neno la Kiingereza lenye maana ya mtu mwenye akili timamu. Schaffner alifariki mwaka 1996. Wasanii waliokuwa wakimtegemea wakabaki na picha mkononi bila mlango wa kuzitolea. Mtu mmoja mwenye jicho zuri anaweza kumgundua msanii, ila akiwa yeye peke yake ndiye soko, siku akiondoka soko linaondoka naye.

Jambo la pili ni kumbukumbu, na hapa hasara ni kubwa kuliko inavyokisiwa.

Rosemary Karuga, aliyezaliwa mwaka 1928, alikuwa mwanamke wa kwanza kusoma katika shule ya sanaa ya Makerere, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alirudi Kenya, akawa mwalimu, akalea familia, na kwa miongo mitatu hivi hakusikika. Karibu na mwisho wa miaka ya 1980, baada ya kustaafu, alianza upya. Rangi zilikuwa ghali, akakata pakiti za unga na karatasi za sabuni ya Rexona, akazigundisha vipande vidogo vidogo hadi vikawa kuku, wanawake shambani, nyumba za kijijini. Kwa mbali unaona mandhari. Ukisogea unaona herufi za matangazo zikichungulia chini ya bawa la kuku. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Studio Museum ya Harlem, New York, akiwa mwanamke pekee katika kundi la wasanii wa Afrika walioalikwa. Alifariki Ireland mwaka 2021. Je, wako wangapi waliosoma kama yeye, wakafundisha kama yeye, ila hawakupata mtu wa kuwauliza kama bado wanachora?

Mahali alipofufukia Karuga, kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, pana historia yake. Paa ya Paa ilianzishwa Nairobi mwaka 1965 na Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu kama Nicodemus, pamoja na wenzake. Njau ndiye aliyechora kuta za kanisa la kumbukumbu la Murang'a mwaka 1959, akimweka Kristo katika milima na migomba ya Wagikuyu wakati vidonda vya Mau Mau vikiwa vibichi. Paa ya Paa ilikuwa mahali ambapo Mwafrika aliingia bila kuulizwa anamtafuta nani. Mwaka 1997 moto uliteketeza jengo pamoja na kazi nyingi zilizokuwa ndani. Kwa kuwa kituo hicho kilikuwa miongoni mwa maghala machache ya kumbukumbu ya sanaa ya kisasa katika kanda nzima, moto ule uliunguza sehemu ya historia ambayo hakuna nakala yake.

Aliyeuelewa mapema uzito wa kutunza alikuwa Joseph Murumbi, Makamu wa pili wa Rais wa Kenya. Alijiuzulu mwaka 1966 baada ya miezi michache tu madarakani, na maisha yake yaliyobaki akayatumia kukusanya: vitabu, stempu, nguo, vinyago na picha za wasanii wa Afrika walio hai. Mkusanyiko wake sasa uko Nairobi, sehemu katika jengo la Nyaraka za Taifa na sehemu katika Nairobi Gallery, iliyokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Wapita njia wengi wa Moi Avenue wanalijua jengo la Nyaraka kama mahali pa kukutania na rafiki. Ndani yake, ghorofa ya chini, kuna mojawapo ya mikusanyiko bora ya sanaa ya bara hili.

Serikali zetu kwa muda mrefu zimeiacha kazi hii kwa watu binafsi, na mara nyingine zimeacha hata jina la nchi litumiwe na wengine. Mfano unaouma zaidi ni wa Venice. Katika Biennale ya mwaka 2013, maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya mji huo wa Italia, banda la Kenya lilisimamiwa na Waitaliano na kujaa kazi za wasanii wa China, Wakenya wakiwa wachache. Mwaka 2015 mpango wa namna hiyo hiyo ulipotangazwa tena, wasanii wa Nairobi walipaza sauti kwa nguvu, Michael Soi akachora mfululizo wa picha za kejeli kuhusu aibu hiyo, na waziri mhusika akalazimika kulikana banda hilo. Mwaka 2017 Kenya ilikwenda ikiwa na watu wake, wakiwamo Peterson Kamwathi, Richard Kimathi na Paul Onditi, na kazi zao zikatundikwa katika shule moja ya kisiwa cha Giudecca. Uganda iliingia kwa mara ya kwanza mwaka 2022, ikiwakilishwa na Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, na waamuzi wakalitaja banda lake kwa sifa maalumu. Kerunen alitumia ukili, mafunjo na nyuzi za migomba, pamoja na ustadi wa wanawake wasukaji wa vijijini, vitu ambavyo nyumbani huuzwa kama mikeka na vikapu. Tanzania ilipata banda lake la kwanza mwaka 2024.

Venice ina faida zake. Hata hivyo, banda la miezi saba kwenye pwani ya Adriatiki halimsaidii mwanafunzi wa Morogoro au Kisumu kuona chochote. Ndiyo maana jambo la tatu, mahali pa kuonea, lina uzito kuliko tuzo.

Hapa habari ni njema zaidi, na waliozileta ni wasanii wenyewe. Nafasi Art Space ilianza mwaka 2008 katika eneo la viwanda vidogo la Mikocheni, Dar es Salaam, ikiwa na karakana zilizotengenezwa kwa makontena ya meli. Mgeni anaweza kumkuta mchoraji akiwa kazini na kumuuliza anachofanya. Kampala kuna 32° East, iliyoanza mwaka 2011, na Afriart Gallery ya Daudi Karungi, iliyofunguliwa mwaka 2002. Kigali kuna Inema, iliyoanzishwa na ndugu wawili wachoraji mwaka 2012. Lubumbashi, Sammy Baloji na wenzake walianzisha Biennale ya mji huo mwaka 2008, na kwa namna fulani wakairudisha picha katika mji wa Tshibumba. Nairobi, Circle Art Gallery imeendesha minada ya sanaa ya Afrika Mashariki tangu 2013, na minada hiyo imefanya jambo ambalo halikuwapo: bei zinatajwa hadharani, na mnunuzi wa hapa anaweza kushindana na wa nje.

Kundi la Wajukuu ndilo linalovunja kabisa dhana ya kwamba sanaa ni ya wenye nacho. Lilianzishwa mwaka 2004 na vijana wa Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi, na linaendesha masomo ya sanaa kwa watoto wa hapo hapo. Mwaka 2022 lilialikwa katika maonyesho ya sanaa ya Documenta ya 15 mjini Kassel, Ujerumani, likaufunika mlango wa jumba la maonyesho kwa mabati machakavu, likajenga njia ya kuingilia yenye giza inayokumbusha nyumba ya Kimaasai. Mgeni aliinama, akaingia, akajikuta Mukuru. Kundi hilo lilipewa Tuzo ya Arnold Bode ya mwaka huo. Kilichowavutia Wajerumani kilikuwa kimejulikana na watoto wa Mukuru kwa miaka 18.

Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, anaonyesha jinsi umaarufu wa nje unavyoweza kurudishwa nyumbani. Anachora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kinachopondwa Buganda, alichokiona kikiuzwa kwa watalii sokoni Nairobi. Lubugo ina matundu na mishono; Armitage haifichi kasoro hizo, anaziacha ziamue mahali mguu wa mtu au tawi la mti litakapopita. Mwaka 2019 picha yake moja ilinadiwa New York kwa dola milioni 1.5 hivi, mara nyingi zaidi ya bei iliyokadiriwa. Katika mnada wa namna hiyo anayelipwa ni mwenye picha, si lazima mchoraji, na ni kwa sababu hiyo marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2019 yaliingiza haki ya msanii kupata sehemu ya bei kazi yake inapouzwa tena.

Alichofanya Armitage baada ya hapo kina maana kuliko bei. Maonyesho yake makubwa yalipofunguliwa Munich mwaka 2020 na kufika Royal Academy ya London mwaka 2021, alitenga chumba cha waliomtangulia: Elimo Njau, Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Asaph Ng'ethe Macua, Meek Gichugu, Sane Wadu. Aliwaonyesha Wazungu kwamba hakuota kama uyoga. Pia alianzisha Nairobi Contemporary Art Institute, na mwaka 2022 taasisi hiyo ikafungua milango kwa maonyesho ya kazi za maisha yote ya Sane Wadu. Mwalimu aliyeitwa mwendawazimu kwa kuacha ajira alipewa kuta zote, katika mji ule ule. Picha zake za mwanzo, alizochora juu ya chochote alichopata, zilitundikwa karibu na za uzeeni, na Mkenya wa kawaida aliweza kuona safari nzima ya mchoraji mmoja kwa saa moja.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuona picha na kumfahamu msanii. Picha moja inaweza kukupendeza au kukuchukiza. Picha 30 za mtu mmoja zinakuonyesha anachokirudia, anachokiogopa, alipokosea na alipojirekebisha.

Limebaki jambo la nne, maneno. Muziki wetu unazungumzwa kila kona: redio inacheza wimbo, mtangazaji anauchambua, kijiwe kinabishana. Riwaya na mashairi ya Kiswahili yana wahakiki wake vyuoni na magazetini. Uchoraji haujapata kijiwe kama hicho. Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuhusu wasanii waliotajwa hapa iko katika Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, hata pale msanii mwenyewe anapofikiri na kutania kwa Kiswahili. Maelezo ukutani katika galeri nyingi za Nairobi na Dar es Salaam ni ya Kiingereza, tena Kiingereza cha wasomi wa sanaa ambacho hata wazawa wa lugha hiyo hukilalamikia. Mgeni anaposoma mistari mitatu asielewe, anahitimisha kwamba picha ndiyo ngumu, kumbe ugumu uko kwenye karatasi iliyobandikwa kando yake.

Hakuna haja ya istilahi nzito ili kuanza. Mtazamaji anaweza kuanzia kwenye vitu. Kazi imetengenezwa kwa nini, na kwa nini hicho? Dickens Otieno anachana makopo ya soda na bia kuwa nyuzi, anazifuma hadi zinakuwa nguo na mazulia ya kutundika. Anayejua kazi ya fundi cherehani ana mengi ya kusema mbele yake kuliko profesa. Cyrus Kabiru anaokota nyaya, vijiko na vyuma chakavu, anaunda miwani mikubwa ya ajabu. Swali la mtoto, kwamba mtu akiivaa ataona nini, ndilo swali sahihi. Baada ya vitu, mtazamaji aangalie kilichoachwa. Sungi Mlengeya, Mtanzania aliyeacha kazi ya benki mwaka 2018, anachora wanawake weusi juu ya turubai nyeupe, na nguo zao nyeupe anaziacha ziungane na nyuma, hivyo mbele yetu yanabaki mabega, shingo, mikono na utulivu wao. Ukiuliza nguo ziko wapi, umekwishaingia ndani ya kazi. Mwisho aulize picha hii inajibizana na ipi nyingine. Mashetani wa Lilanga wanajibizana na vinyago vya Wamakonde wa Mueda na Newala. Lubugo ya Armitage inajibizana na maziko ya watu wa Buganda, ambao huitumia kama sanda.

Maswali hayo matatu yako ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa darasa la saba, na mwalimu wa Kiswahili anaweza kuyageuza insha bila kungoja mtaala ubadilike. Wahariri nao wana ukurasa wa michezo, wa mapenzi na wa mapishi. Safu moja kwa mwezi kuhusu maonyesho yaliyofunguliwa mjini, ikitaja jina la msanii, mwaka wa kazi, kitu alichotumia na bei, haitawafilisi. Galeri zinazopokea ruzuku kwa jina la jamii ziandike maelezo yao kwa lugha ya jamii hiyo. Makumbusho yetu ya Taifa yatoe orodha ya kazi za kisasa zilizomo ghalani, ili mtu ajue kipi kipo na kipi kimepotea.

Na wewe msomaji, kama uko Dar es Salaam, nenda Mikocheni. Kama uko Nairobi, ukingoja rafiki mbele ya Nyaraka za Taifa, ingia ndani umngojee humo. Kokote utakakopenda picha, uliza nani aliichora na mwaka gani, uandike majibu nyuma yake au kwenye simu yako, na ukipata fedha, nunua kwa msanii mwenyewe akiwa bado hai.